Kagoshima: Walichoazima Vijana na Walichobakiza

Lahaja ya Kijapani ya Kagoshima, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, ina ruwaza mbili tu za toni. Katika ya kwanza sauti hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapoweka mkazo, kisha hushuka. Katika ya pili hupanda kwenye silabi ya mwisho. "HAna" ni pua, "haNA" ni ua. Shule, redio na televisheni zimewalea watoto kwa Kijapani cha Tokyo, na ni rahisi kudhani kuwa toni za vijana ni zile za wazee zilizochakaa. Ulinganisho wa vizazi uliofanywa na mwanaisimu Haruo Kubozono unaipinga dhana hiyo. Kwa wazee, neno ambatani hufuata ruwaza ya sehemu yake ya kwanza. "Natsu", majira ya joto, ni la ruwaza ya kwanza, hivyo likizo yake ni "natsuyaSUmi". "Haru", majira ya machipuo, ni la ruwaza ya pili, hivyo likizo yake ni "haruyasuMI". Tokyo haijui tofauti hiyo: maneno yote mawili hushuka baada ya "ya". Vijana nao sasa husema "haruyaSUmi".

Atatokea wa kusema kwamba huko ni kuiga Tokyo tu. Mwigaji angeshuka baada ya "ya". Hawa hushuka baada ya "su", mahali ambapo hakuna Mtokyo angeshukia. Walichoazima ni jibu la swali moja, kama neno linashuka au la. Pa kushukia bado panaamuliwa na kanuni ya mababu. Neno lisiloshuka Tokyo nalo huelekea ruwaza ya pili.

Basi lahaja ni salama? Hapana, na hapa ndipo wenye matumaini wanapoteleza. Ruwaza mbili zimebaki, lakini sheria iliyoipa sehemu ya kwanza mamlaka juu ya neno zima imevunjika. Sikio la mgeni halitaugundua msiba huo, kwa kuwa lafudhi ni ileile. Hata mtafiti atadanganyika akichagua vibaya maneno ya kupimia: "natsuyasumi" hutamkwa sawa na babu na mjukuu, kila mmoja kwa sababu yake. Ni maneno kama "haruyasumi" pekee, ambapo Tokyo na Kagoshima ya kale zinapingana, yanayoonyesha nani anafuata sheria ipi.