Siku Kumi na Tisa na Gogo Moja

Siku ya kwanza fundi hakuchonga. Alililaza gogo juu ya gunia, akaligeuza taratibu, upande huu kisha ule, kama mama anayemkagua mtoto upele. Akamimina maji kidogo kwenye ncha zake mbili zilizokatwa, akasubiri. Maji yakikauka juu ya mpingo, ufa hubaki na unyevu wakati pengine pote pamekwisha kukauka, nao hujionyesha kama uzi mweusi. Alizikuta nyufa tatu. Mbili zilikuwa fupi, za juujuu tu. Ya tatu aliifuata kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ilipoishia, akapatia alama ya chaki. Hiyo ndiyo chaki pekee niliyoiona katika kazi nzima.

Nilimwuliza mchoro wake uko wapi.

"Mimi naanza na ubovu, mwanangu," alinijibu. "Pazuri hapanisumbui. Pabovu ndipo panapoharibu kazi nisipopajua mapema."

Tulikuwa Mwenge, Dar es Salaam, nyuma ya mabanda ya vinyago, chini ya mwembe. Mbele, barabarani, kuna rafu zilizojaa twiga, vifaru na nyuso za Wamasai zilizopangwa kwa saizi. Huku nyuma kuna vumbi, magunia na milio ya vyuma. Nilikuwa nimempa mzee shikamoo na kumwomba ruhusa nikae nimtazame akichonga kinyago kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Aliitikia marahaba, akanionya kwamba nitachoka kabla ya gogo. Ilimchukua siku kumi na tisa.

Gogo lenyewe halikuwa na uzuri wowote. Urefu wake ulikuwa kama mkono wa mtu mzima toka begani, unene kama paja, na ganda la kijivu lililokunjamana. Nilipojaribu kulinyanyua nilidhani limeshikwa na kitu chini. Mpingo ni mti mzito kuliko maji. Ukiutupa kisimani unazama. Hukua polepole mno katika misitu ya miombo ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, na mara nyingi hukua umepinda, ukiwa na mafundo, na pengine tundu katikati. Anayepata kipande kilichonyooka hushukuru. Mti huu huu ndio unaochongwa klarineti zinazopulizwa katika okestra za Ulaya, kwa sababu ugumu wake hauyumbi na tundu likitobolewa hubaki lilivyo. Mwaka 2009 misitu ya baadhi ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji unaojali kesho, na mpingo ndio uliokuwa shabaha. Mzee alilijua hilo. Alisema siku hizi gogo lina karatasi kama mtu mwenye kitambulisho, na aliona ni haki yake.

Siku ya pili alishika shoka, akaondoa ganda. Chini ya ganda kuna tabaka jeupe, rangi ya mtindi, lenye unene wa kidole. Chini ya hilo ndipo kiini kinapoanza, nacho si cheusi kama watu wanavyodhani. Mpingo mbichi una rangi ya zambarau iliyoungua, yenye mistari myeusi. Weusi kamili huja baadaye, kwa hewa na kwa kusuguliwa. Wachongaji wengi hulichimba tabaka jeupe lote wakalitupa. Huyu aliliacha upande mmoja, ukanda wa upana wa viganja viwili. Sikumwuliza sababu. Nilijifunza mapema kwamba akiwa na shoka mkononi, swali ni usumbufu.

Kisha ikaja tezo. Asiyewahi kuiona aifikirie kama jembe dogo: bapa la chuma limekaa limekingama kwenye mpini mfupi, makali yake yakimwelekea anayelishika. Ya mzee bapa lake lilifuliwa kutokana na springi ya gari, na mpini ulikuwa umelainika kwa jasho mpaka ukang'aa kuliko kinyago. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, akalibana gogo kwa nyayo zake mbili, akawa anapiga kuja kwake. Chuma kilitua nusu shubiri kutoka kwenye vidole vya miguu, tena na tena, asubuhi nzima. Kila pigo liliondoa kibanzi kimoja kisichozidi ukucha. Mwanzoni vibanzi vilikuwa vyeupe, kisha vya kahawia, kisha vya zambarau, hata nikaweza kujua amefika wapi kwa kutazama ardhi tu bila kutazama gogo.

Nilichokistaajabia ni sauti. Tezo ikitua palipo pazima, mlio wake ni mkavu na mfupi. Ikikaribia penye uwazi au ufa, mlio unazama kidogo. Mzee alikuwa akizungumza na jirani yake habari za bei ya nauli, mara akanyamaza katikati ya neno, akageuza gogo, akaendelea upande mwingine. Sikio lake lilikuwa kazini hata ulimi ulipokuwa barazani.

Jioni ya siku ya nne umbo lilianza kusemeka. Juu kulikuwa na uvimbe mkubwa ambao ungekuwa kichwa cha mama. Kuanzia hapo kushuka chini, mabonge kwa mabonge, watu waliopandana: mmoja kabeba mtungi, mwingine kamkalia mwenzake mabegani, mwingine kainama. Ni mtindo unaoitwa ujamaa, wa watu wengi katika gogo moja, kila mmoja akimshikilia mwenzake. Wanaohifadhi historia ya sanaa hii humtaja Roberto Yakobo Sangwani kuwa miongoni mwa walioanza kuchonga minara ya watu namna hiyo. Mama kuwekwa juu nako kuna asili yake. Wamakonde, kabila la mzee, husimulia kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake, akachonga mti ukawa na sura ya mwanamke, akausimamisha nje ya makao yake, na kulipokucha akakuta amekuwa mwanamke hai. Kwa hiyo katika simulizi zao, kuchonga kumetangulia kuzaa.

Baba yake mzee alivuka Ruvuma akitokea uwanda wa Mueda, Msumbiji, kuja kukata mkonge Tanganyika, kama walivyofanya maelfu ya Wamakonde katika miaka ya ukoloni. Mchana alikata mkonge, jioni alichonga. Vinyago vya ngoma, vile vya mapiko vinavyovaliwa kichwani wakati wa jando na unyago, huchongwa kwa mti mwepesi, maana mchezaji lazima aweze kuruka navyo. Mpingo ulishika kasi pale wanunuzi wa mjini walipoutaka. Mzee alijifunza kwa kuokota vibanzi vya baba yake, kisha kwa kupiga msasa, kisha kwa kuchonga miguu tu, miaka miwili ya miguu, kabla hajaruhusiwa kugusa uso.

Kuanzia siku ya tano tezo ilipumzika, patasi zikachukua zamu. Alikuwa nazo tisa, zimefungwa katika kitambaa cha kanga: bapa pana, bapa nyembamba, zenye mdomo wa mviringo, na moja nyembamba kama msumari. Alizipiga kwa rungu fupi la mti, maana chuma juu ya chuma, alisema, kinakudanganya nguvu. Na kila mara alikuwa akinoa. Jiwe la kunolea lilikuwa pembeni katika kopo la maji, na siku moja niliamua kuhesabu: kabla ya adhuhuri alinoa mara kumi na moja. Mpingo hula makali. Patasi butu haikati, inapasua.

Hakummaliza mtu mmoja kisha akaenda kwa mwingine. Alizunguka. Goti hapa, kiwiko kule, mgongo wa yule wa chini, halafu anarudi kwenye goti. Nilidhani ni kukosa subira mpaka nilipoelewa kwamba gogo linapaswa kubaki na nguvu pande zote kwa pamoja. Ukimkondesha mtu mmoja mapema, pigo litakalompata jirani yake litamvunja yeye. Kwa hiyo wote walikonda pamoja, kidogo kidogo, na kati yao aliacha vipande vya kuwashikiza ambavyo vingeondolewa mwisho.

Siku ya tisa aliniita nisogee. Alikuwa anatoboa uwazi kati ya mkono wa mama na ubavu wake, njia itakayopenya toka mbele hadi nyuma. Alikuwa amechimba toka mbele kwa patasi ile ya msumari, akageuza gogo, akachimba toka nyuma, bila kupima chochote. Akaweka kidole cha shahada upande mmoja na kidole gumba upande wa pili, akafumba macho. "Pamebaki karatasi," akasema. Akapiga rungu mara moja, polepole kama anayebisha hodi penye mgonjwa. Mwanga ukapita. Matundu mawili yalikuwa yamekutana, na hata ukucha haukukwama mahali yalipokutania.

Kisha, siku ya kumi na moja, likatokea la kutokea. Wakati wa chakula cha mchana jua lilihama, kivuli cha mwembe kikasogea, na kijana anayejifunza kazi kwa mzee hakuliona. Tuliporudi, gogo lilikuwa limekaa juani kwa muda, na ule ufa wa chaki ulikuwa umeteremka urefu wa vidole vinne, ukaingia katika mgongo wa mtu wa tatu toka chini. Kijana alisimama mikono kichwani. Mzee hakumkaripia. Alilifunika gogo kwa gunia bichi, akaliweka ndani ya banda, akaenda zake nyumbani. Siku mbili nzima hakuligusa. Alikuja, akanoa patasi, akanywa kahawa, akaondoka.

Siku zile mbili ndizo nilizojifunza mengi. Ufundi wa mkono niliuona tangu mwanzo. Huu ulikuwa ufundi wa kuuzuia mkono. Aliporudi kazini ufa ulikuwa umetulia na haukuongezeka tena. Akaugeuza. Palipokuwa na mgongo mmoja mpana akatoa migongo miwili ya watu waliogusana, na ufa ukawa mstari kati yao. Mtu wa kumi na mbili akazaliwa katika kinyago ambacho kilikusudiwa watu kumi na mmoja.

Si jambo geni katika sanaa hii. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alivunjikiwa na sanamu ya mtu, na badala ya kuitupa akaibadilisha ikawa kiumbe cha ajabu, akampelekea mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam, naye akapendezwa. Hapo ndipo wanaposema ulipochipuka mtindo wa shetani, ule wa viumbe wenye jicho moja na viungo vilivyopinda, ambao umeipeleka sanaa ya Wamakonde katika majumba ya makumbusho ya dunia.

Nyuso zilikuja mwisho, kwa kisu kidogo, gogo likiwa mapajani. Kila jicho lilikuwa mikato minne. Akakata, akapuliza vumbi, akatazama, akakata. Kwa mama alitumia siku nzima, na ndipo nilipoelewa ule ukanda mweupe wa siku ya pili: ulikuwa umemwangukia begani na kushuka ubavuni, nao akauchimba mikunjo, ukawa kanga. Alikuwa ameiacha hapo siku kumi na tano akiisubiri.

Baada ya hapo kazi ikawa ya watu wawili. Kijana alipiga tupa, kisha msasa mkali, kisha wa kati, kisha msasa uliochakaa mpaka ukawa kama kitambaa. Vidole vyake vikawa vyeusi. Mzee alimrudisha mara tatu kwenye mapengo kati ya vidole vya miguu ya mtu wa chini kabisa, mahali ambapo hakuna mnunuzi atakayepatazama. Mwishowe wakasugua kwa nta kidogo na kitambaa cha pamba. Weusi ukapanda toka ndani, wala haukupakwa.

Hili nalisema kwa sababu barabarani kuna vingi vilivyopakwa. Mti mwepesi ukisuguliwa rangi ya viatu hufanana na mpingo kwa macho ya haraka, na mchongaji wa siku kumi na tisa hujikuta akipunguziwa bei kwa kulinganishwa na kazi ya siku moja. Naona huo ni uonevu, na sisi wanunuzi tunashiriki. Ukienda kununua, kinyanyue kwanza kinyago: mpingo utakulazimisha utumie mikono miwili. Kipindue, utazame chini, ambako rangi haifichi sana. Kisha, kabla hujataja bei, mwulize muuzaji jina la aliyekichonga. Huenda mwenyewe yuko nyuma ya duka, amekaa chini, miguu ameinyoosha. Pita nyuma, ukamsalimie.