Nembo Inaposhuka: Namna ya Kupima Mashine ya Gemu ya Mkononi

Swichi iliyo juu ya Game Boy inasukumwa upande mmoja, taa ndogo nyekundu inawaka, na jina la Nintendo linaanza kushuka taratibu kutoka ukingo wa juu wa skrini. Likifika katikati linasimama, spika inatoa mlio mfupi, na gemu inaanza. Yote hayo hayamalizi sekunde kumi. Kwa mtoto ni kusubiri tu. Kwa mjuzi wa mashine hizi, huo ni mtihani wa kwanza, na majibu yake ni mengi.

Programu inayoendesha tukio hilo ina baiti 256 tu. Kazi yake ni kusoma nembo ya baiti 48 iliyomo kwenye kaseti ya gemu, kuichora kwenye skrini, kisha kuilinganisha na nakala iliyofungiwa ndani ya mashine. Zikitofautiana hata kidogo, mashine inagoma hapohapo. Kwa hiyo nembo ikishuka vipandevipande, au ukishuka mstatili mweusi mtupu, mashine haijafa: mara nyingi pini za kaseti zimeshika uchafu. Taa nyekundu ikififia wakati nembo inashuka, umeme haufiki vya kutosha. Nembo ikija nzima lakini imekatwa na mistari mitupu ya wima, ugonjwa uko kwenye skrini. Mlio usiposikika ilhali sauti imefunguliwa, spika au kidhibiti cha sauti kina walakini. Ndiyo maana mnunuzi makini haendi kuangalia Game Boy iliyotumika bila betri nne za AA na kaseti moja anayoiamini mfukoni. Muuzaji akisema hana betri, mtihani unafanyika vilevile.

Game Boy ilifika madukani Japani tarehe 21 Aprili 1989, na hadi leo ndiyo kipimo kizuri cha kujifunzia ubora wa mashine zote zilizofuata. Gunpei Yokoi, mhandisi aliyeongoza kundi lililoiunda, alipenda kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha akaitafutia kazi mpya. Skrini aliyoichagua ilikuwa na pikseli 160 kwa 144, vivuli vinne tu, bila rangi na bila taa. Mwaka huohuo Atari ilitoa Lynx yenye rangi na mwanga, na mwaka 1990 Sega ikaja na Game Gear, nayo ya rangi. Dukani zilipendeza kuliko Game Boy. Nyumbani zilimeza betri sita za AA kwa saa chache tu, ilhali Game Boy iliweza kupita saa 15 kwa betri nne. Nchini Marekani Lynx iliuzwa takriban dola 180, karibu mara mbili ya bei ya Game Boy. Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi, Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Somo la Yokoi ndilo linalotenganisha mjuzi na mnunuzi wa haraka. Mashine hii ni kitu cha kubebwa: inachezwa kwenye basi, barazani, kitandani taa zikiwa zimezimwa. Ubora wake unapimwa huko itakakotumika. Mwanga wa vioo vya dukani huficha mengi.

Skrini

Mistari ya wima kwenye Game Boy ya kwanza humtisha mgeni, lakini ni kasoro ya kujadilia bei. Mara nyingi husababishwa na utepe wa waya ulioachia chini ya kioo, na fundi mwenye mkono mtulivu huurudisha kwa joto la pasi ya kulehemu. Doa jeusi linalofanana na mahali palipoungua kwa kawaida ni utando wa kuchuja mwanga ulioharibiwa na jua au joto. Nao hubadilishwa, ila kazi yake ni ya subira zaidi. Kioo kilichopasuka ndani na kuvuja wino mweusi hakitibiki. Hicho hubadilishwa chote.

Kisha linakuja suala la mwanga. Game Boy Advance ya mwaka 2001 ilikuwa na prosesa ya biti 32 na rangi za kuvutia, lakini skrini yake haikuwa na taa, na wachezaji wengi walilalamika kwamba walilazimika kujikunja chini ya balbu ili waone kitu. Hata hivyo skrini hiyohiyo, inayotegemea mwanga wa kuakisi, huchangamka chini ya jua kali la saa sita, wakati ambapo skrini nyingi za taa hufifia. Anayecheza zaidi nje mchana asiidharau.

Game Boy Advance SP, iliyojikunja kama kitabu, ilitoka mwaka 2003 ikiwa na taa ya mbele ya kioo. Mwaka 2005 lilitoka toleo lenye taa ya nyuma, angavu zaidi, na hadi sasa wakusanyaji hulilipia zaidi. Toleo la kwanza hutambulishwa kwa alama AGS-001, la pili AGS-101. Kwa kuwa stika huweza kubadilishwa, mjuzi hubonyeza kitufe cha mwanga kilicho karibu na skrini. Taa ikizimika kabisa, hiyo ni ya kwanza. Taa ikipanda na kushuka ngazi mbili bila kuzimika, hiyo ni ya pili.

Siku hizi mashine nyingi za zamani huuzwa zikiwa zimewekwa skrini mpya. Picha huwa safi, pembe zote huonekana, lakini betri huisha mapema zaidi. Kampuni ya Analogue ilikwenda mbali zaidi kwa mashine yake Pocket, iliyoanza kufika kwa wanunuzi Desemba 2021: skrini yake ina pikseli 1600 kwa 1440, yaani kila nukta ya Game Boy ya kale inachorwa kwa nukta 100 mpya. Hesabu hiyo inagawanyika bila baki, ndiyo maana picha yake haina ukungu pembeni. Kanuni hiyo hutumika kwa mashine yoyote mpya inayocheza gemu za zamani: pikseli zisipogawanyika sawasawa, mistari myembamba hunenepa hapa na kukonda pale.

Vitufe

Kitufe chenye umbo la msalaba, kinachoelekeza juu, chini, kushoto na kulia, kilianza kujulikana mwaka 1982 kwenye Donkey Kong ya familia ya Game & Watch, nayo ni kazi ya Yokoi. Chini yake kuna mpira laini wenye vidonge vya kaboni. Ukibonyezwa, kaboni hugusa njia za umeme kwenye bodi. Mpira ukichoka, kitufe huwa kizito au hukawia. Bodi ikiwa chafu, kitufe hukubali safari moja na kukataa ya pili.

Tetris, gemu iliyobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984 na kufungashwa pamoja na Game Boy Marekani na Ulaya, ni kipimo bora kuliko mashine yoyote ya fundi. Kipande kinasogezwa kushoto, kitufe kinashikiliwa. Kipande kikianza kuteremka kwa kasi bila kuagizwa, msalaba unasoma chini pamoja na kushoto. Kosa hilo halionekani katika gemu ya mbio za magari, lakini katika Tetris ya ngazi za juu linamaliza mchezo.

Mashine za karibuni zina vijiti vya kuelekeza, na ugonjwa wao mkubwa ni kuteleza: mhusika anatembea peke yake ilhali kidole hakijagusa kitu. Vijiti vingi husoma mwelekeo kwa sehemu mbili zinazosuguana, na msuguano huo hula uso wa ndani. Vidhibiti vya Joy-Con vya Nintendo Switch, mashine iliyotoka Machi 2017, vilijulikana sana kwa tatizo hili. Kabla ya kununua Switch iliyotumika, mnunuzi huingia kwenye mipangilio, hufungua ukurasa wa kurekebisha vijiti, kisha huviachia. Alama ikibaki katikati, vizuri. Ikitambaa, bei ya kijiti kipya iondolewe kwenye bei ya mashine. Vipo vijiti vya kubadilishia vinavyosoma kwa sumaku bila kugusana, na kwa anayecheza kila siku hivyo vinalipa gharama yake.

Umeme

Kifuniko cha betri kifunguliwe kila mara, hata mashine ikiwaka vizuri. Unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma ni alama ya betri zilizoachwa ndani hadi zikavuja. Ukiwa kidogo, pamba yenye siki nyeupe huutoa. Ukiwa umekula chuma hadi kikatoboka, au umepanda hadi kwenye bodi, mnunuzi arudishe mashine mezani. Game Gear ina ugonjwa wa pekee: kapasita zake huvuja kwa uzee, sauti ikapotea na picha ikafifia. Iliyobadilishwa kapasita zote ina thamani kuliko iliyo safi kwa nje na haijawahi kufunguliwa.

Kwa betri za lithiamu, kinachoogopwa ni kuvimba. PSP ya Sony, iliyotoka Japani Desemba 2004, ina betri inayotoka kwa urahisi, na nyingi zilizokaa miaka kabatini zimevimba hadi kifuniko hakifungi. Betri ya namna hiyo haichajiwi, haitobolewi, haibonyezwi irudi. Inatolewa na kupelekwa wanakopokea taka za elektroniki.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana jambo moja zaidi la kuangalia. Mashine nyingi za zamani hufika zikitoka Japani, kwenye umeme wa volti 100, au Marekani, kwenye volti 120. Ukutani kwetu kuna volti 230 hadi 240. Chaja ya PSP hukubali zote. Chaja za Game Boy Advance SP na Nintendo DS Lite za nchi hizo kwa kawaida hazikubali, na adapta ya kubadilisha umbo la plagi haipunguzi volti. Maandishi madogo mgongoni mwa chaja husema umeme inaoupokea: yakitaja 100 hadi 240, hakuna shida. Yakitaja 100 au 120 peke yake, chaja hiyo ibaki kama kumbukumbu, na mashine ichajiwe kwa kebo ya USB iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Ganda na bawaba

Kizuri chajiuza, na ganda jipya linalometa huuza haraka. Mjuzi huligeuza na kuangalia skrubu. Game Boy na warithi wake hufungwa kwa sehemu kubwa kwa skrubu za mabawa matatu. Zikiwa zimeliwa vichwa, ndani kumepita mtu asiye na bisibisi sahihi. Kubadilishwa ganda si kosa. Kosa ni kufichwa. DS Lite ya mwaka 2006 ifunguliwe na kufungwa polepole huku bawaba ya kulia ikiangaliwa kwa makini, maana hapo ndipo plastiki yake hupasuka.

Kaseti

Mashine njema yenye kaseti bandia ni hasara ya kimyakimya. Lebo ya kaseti halali ya Game Boy mara nyingi ina tarakimu mbili zilizogandamizwa kwenye karatasi, zinazoonekana tu lebo ikielekezwa kwenye mwanga. Kaseti za Game Boy Advance zina jina la Nintendo kwenye bodi, juu kidogo ya pini. Kaseti halali ya gemu ya Pokémon Emerald ina ganda la kijani linalopenya mwanga, bodi ikionekana ndani. Nyingi za bandia huanza vizuri, kisha hupoteza mchezo uliohifadhiwa baada ya saa nyingi za jasho.

Kwa mashine za kizazi cha intaneti, swali ni gemu zinabaki kwa nani. Duka la mtandaoni la Nintendo 3DS liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023. Kaseti za 3DS zilizonunuliwa kwa mkono bado zinauzwa, zinaazimishwa, zinarithiwa.

Kuishi nayo

Hewa ya chumvi ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam hushambulia pini za kaseti. Sanduku linalofunga vizuri, lenye vifuko vya kunyonya unyevu, linatosha. Pini husafishwa kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili. Zile pumzi za nguvu ambazo watoto wa dunia nzima walizipuliza kwenye kaseti zilipeleka mate, na mate huleta kutu. Betri za AA hutolewa mashine ikipumzika. Ya lithiamu huachwa na chaji ya nusu hivi, mbali na jua na dashibodi ya gari.

Linabaki jambo moja la kufanywa kwa utaratibu. Kaseti nyingi za zamani huhifadhi mchezo kwa betri ndogo bapa iliyolehemewa ndani. Pokémon Gold na Silver, za mwaka 1999, zina pia saa inayohesabu mchana na usiku, hivyo betri yake huchoka mapema kuliko za wenzake. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, lakini ikitolewa tu, kilichohifadhiwa kinafutika. Kwa hiyo wakusanyaji wengi, kabla ya kushika pasi ya kulehemu, huweka kaseti kwenye kisomaji cha USB na kunakili faili lake kwenye kompyuta. Ndani huwamo jina la mtoto aliyecheza kwanza, jina alilompa mnyama wake, na idadi ya saa alizotumia. Betri mpya ikishakaa, faili hurudishwa, swichi inasukumwa, na nembo inashuka tena.