Maajabu Mbele ya Baraza

Makutupora ninayoisema ni hii ya kaskazini mwa mji wa Dodoma, yenye visima, mizabibu na kambi ya JKT. Ile ya Manyoni, inayotajwa kila habari za reli ya SGR zinaposomwa, ni nyingine. Mgeni akifika huku kiangazi ataona vumbi na miti iliyopukutika majani. Umwambie kwamba chini ya miguu yake kuna maji ambayo mji wa Dodoma umeyategemea kwa miongo mingi, atacheka. Ataamini akiliona bomba. Msomaji wa hadithi za ajabu naye ni mgeni wa namna hiyo, na ufundi wote uko katika kumwonyesha bomba.

Shaaban Robert (1909–1962) aliujua ufundi huo. Tumezoea kumsifu kama malenga na mwalimu wa maadili, sifa anazostahili, lakini mimi namsifu kama mjenzi wa nchi zisizokuwapo. Alikuwa karani wa serikali, na katika miaka ya 1940 utumishi ulimfikisha Mpwapwa, kwenye nyanda zetu hizi za kati. Ukarani ule haukupotea bure.

Chukua *Kusadikika*, iliyochapishwa mwaka 1951. Nchi yenyewe inaelea angani. Wajumbe sita wametumwa kila mmoja upande wake: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, Ridhaa akaelekea mbinguni, Amini akashuka ardhini. Mwandishi mwingine angetupandisha na Ridhaa tangu ukurasa wa kwanza, tukapigwa na butwaa, tukachoka. Shaaban Robert anatupeleka barazani. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, na maajabu yote ya safari zile tunayasikia kutoka kinywani mwake akijitetea. Ona hesabu ilivyopigwa: msimuliaji ni mshtakiwa, wasikilizaji ni wakubwa wasiotaka kusikia, na hadithi ikipwaya aliyeisimulia ataangamia. Nani ataulizia tena nchi inaeleaje hewani? Tunauliza kama Karama atapona.

Wajumbe wenyewe wamerudi na maarifa, wakatiwa kifungoni. Yeyote aliyewahi kuandika ripoti nzuri ikafungiwa kabatini anawajua watu hawa.

Wako wanaosema kitabu hiki ni fumbo la utawala wa kikoloni, basi. Fumbo limo, sibishi. Ila ukilifumbua ukadhani umemaliza, umeiacha kazi ya mkono wa fundi bila kuitazama.

Mwaka uliofuata ilitoka *Adili na Nduguze*, ambayo kiini chake kinatoka katika Alfu Lela Ulela. Kuna majini, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kuna ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Siri hiyo inafumukaje? Kwa kodi iliyochelewa! Mfalme Rai anamtuma mtu kuifuata, naye anamkuta Adili akiwachapa manyani usiku. Karani tu ndiye angeliingilia jini kwa mlango wa ushuru.

Mmarekani Ursula K. Le Guin (1929–2018) alifika hapo hapo kwa njia yake. Riwaya yake *The Dispossessed* ya mwaka 1974, iliyompatia tuzo za Hugo na Nebula, inamhusu mwanafizikia wa Anarres, mwezi mkavu ambao watu wake wamekataa umiliki na serikali. Chombo cha angani kimo, lakini uzito wote uko kwenye zamu za kazi, mgao wa chakula wakati wa ukame, nani alale bweni lipi. Mwaka huo huo Tanzania ilikuwa ikihamishia watu vijijini, na Dodoma ilikuwa imekwisha kupitia operesheni yake. Mtu wa huku akiisoma Anarres haoni sayari ya mbali. Anauliza maswali magumu: nani anapanga zamu, na asiyetaka je?

Baadaye akaja Euphrase Kezilahabi na *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), akalivunja baraza lote. Hakuna karani, hakuna shauri, na wakati wenyewe haufuati mstari. Wengi walimlalamikia kwamba haeleweki. Mimi nadhani alikuwa na haki ya kuvunja, kwa kuwa nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa vizuri.