Akina Komba Wanne

Ukiwa Songea, jina la ukoo halikufikishi mbali. Ingia ofisi yenye watumishi mia mbili uite "Komba!", vichwa kadhaa vitainuka, ita "Ngonyani!" na huenda vikazidi. Ndiyo maana dada mmoja wa TEHAMA, katika ofisi iliyoko kata ya Msamala, hayaamini majina. Asubuhi niliyokaa pembeni ya meza yake alikuwa anamfungulia akaunti mtumishi mpya: Komba wa nne ambaye jina lake la kwanza linaanza na J. Hakuwa na haraka. Aliwatafuta kwanza wale watatu waliotangulia, akasoma idara zao, kisha akamchagulia mgeni jina la kuingilia ambalo karani mwenye haraka hataweza kulichanganya na la mwenzake. Zilimpotea dakika kumi. Nadhani barua ya siri ikifika kwa Komba asiyehusika, itapotea siku nzima.

Daftari analolitunza ni Active Directory ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2000 pamoja na Windows 2000. Mizizi yake ni ya zamani kidogo: kiwango cha X.500 cha mwaka 1988, na LDAP, njia nyepesi ya kuliuliza daftari maswali, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993. Kwa nje utaona orodha ya watu. Kwa ndani kila mtu ni namba ndefu ambayo hapewi mwingine, na jina ni nguo iliyovishwa namba hiyo. Mtumishi akiolewa akabadili jina, dada hubadilisha herufi tu. Namba inabaki, na milango yote iliyokuwa ikimfungukia jana inamfungukia leo. Lakini ifute akaunti, kisha iunde tena kwa jina lile lile, herufi kwa herufi: daftari litamwona mgeni kabisa, na folda zake za miaka sita zitamkana.

Kwa hiyo hafuti ovyo. Barua ya uhamisho ikifika, anaisimamisha akaunti, anaiweka kwenye fungu la waliosimamishwa, na katika nafasi ya maelezo anaandika tarehe na Kumb. Na. ya barua yenyewe. Nilipoona hilo nilikumbuka makarani wa masijala, waliojua kila jalada limetoka lini, limekwenda kwa nani na kwa idhini ipi, na ambao hawakukupa jalada la masijala ya siri kwa sababu tu wewe ni mtu wao. Yeye ni mrithi wao, hata kama hajawahi kushika kalamu yao.

Uzuri wa kazi yake, hata hivyo, umo kwenye vikundi. Kwake hakuna mtu anayepewa ruhusa mkononi. Mhasibu mpya anaingizwa kwenye kikundi cha wahasibu. Kikundi hicho nacho kimeingizwa ndani ya kikundi kingine ambacho kazi yake ni moja tu, kuruhusu kuandika kwenye leja. Na folda ya leja inakijua kikundi hicho cha mwisho, haimjui mtu yeyote. Mwanzoni niliona ni mzunguko mrefu wa bure. Kisha nikakumbuka ofisi niliyowahi kufanyia kazi, ambako kila aliyelalamika aliandikwa jina lake moja kwa moja kwenye folda. Miaka ilipita, watu wakaondoka, akaunti zikafutwa, na ulipofungua orodha ya wenye ruhusa ulikuta safu ya namba tupu zinazoanza na S-1-5-21, kama makaburi yasiyo na majina. Hakuna aliyejua zilikuwa za nani, wala aliyethubutu kuzigusa. Kwa dada huyu, mhasibu akiondoka linatolewa jina moja, mahali pamoja.

Na kutoa ndiko kunakonifanya nimstahi. Kuongeza kuna msaada wake: aliyekosa ruhusa atapiga simu kabla ya chai. Aliyezidishiwa hapigi simu kamwe. Mtu anaanzia ugavi, anahamia utumishi, anakaimu mipango miezi mitatu, na kila kituo kinambandika kikundi kimoja ambacho hakuna anayekumbuka kukibandua. Mwaka 2016, Serikali ilipowasaka watumishi hewa na kubaini zaidi ya 10,000, nchi nzima ilijifunza jinsi jina linavyoweza kuendelea kuishi kwenye orodha bila mwenyewe. Dada anafanya msako wake kila mwezi, kimya kimya. Anachapisha orodha ya wanakikundi, anawapelekea wakuu wa idara, na haondoki mpaka wamesoma jina kwa jina na kutia sahihi. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huandikiwa tarehe ya kuisha kwa akaunti siku ile ile wanayofunguliwa, kwa sababu anajua siku yao ya kuondoka ikifika atakuwa na kazi nyingine. Hata yeye mwenyewe ana akaunti mbili: ya kawaida ya kusomea barua pepe, na ya usimamizi, anayoingilia pale tu anapobadilisha kitu, kisha anatoka.

Saa nne na nusu aliingia mzee mmoja aliyehamishiwa stoo kutoka uhasibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wamesema umeniweka stoo, mbona kompyuta hainionyeshi?"

"Uliiwasha saa ngapi?"

"Tangu saa mbili."

Vikundi vya mtu husomwa anapoingia. Mzee alikuwa bado anatembea na vya asubuhi. Dada alimwomba atoke, aingie upya. Mzee alikwenda, na baada ya dakika chache alirudi akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Ya stoo nimeiona. Sasa ile leja yangu imepotea."

"Haijapotea, baba," alisema, huku akimsogezea kiti akae. "Anayo aliyekaa pale ulipokuwa."

Mzee alifikiri kidogo, akauliza kama huyo mtu ameshaonyeshwa folda ya marejesho ya masurufu, maana imejificha. Dada alichukua kalamu akaandika.