"Bandari" au "Mlango"? Maoni Juu ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazotumiwa siku hizi bila kuhojiwa ni "bandari", inayowekwa mahali pa neno la Kiingereza "port". Ni maoni yetu kwamba tafsiri hii haifai, na inampotosha mtumiaji pale anapohitaji sana kuelewa.

Kosa lenyewe ni la asili ya neno. Kiingereza kina maneno mawili yaliyofanana umbo: moja limetokana na "portus" ya Kilatini, yaani bandari, jingine na "porta", yaani lango. Wataalamu wa kompyuta walilichukua hili la pili. Mfasiri ametazama umbo akaacha maana. Bandari ni mahali pa vyombo kutia nanga, na ndani ya kompyuta hakuna kinachotia nanga. Kuna namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, na kila programu ipokeayo habari husikiliza kwenye namba yake. Ni mfano wa nyumba moja yenye milango mingi, kila mlango na mpokeaji wake.

Tuchukue programu za BitTorrent, ambazo watu huzitumia kupeana faili. Kwa desturi zilitumia namba 6881 hadi 6889. Baadhi ya kampuni za intaneti zilipozifunga namba hizo, watumiaji walishauriwa kuchagua nyingine: isiwe chini ya 1024, maana hizo ni za huduma zijulikanazo, afadhali iwe kati ya 49152 na 65535, ambazo hazisajiliwi kwa huduma yoyote. Mwambie mtu "badilisha bandari", atadhani anahama mji. Mwambie "badilisha mlango", ataelewa kwamba nyumba ni ile ile.

Tena "mlango" huonyesha ukomo wa shauri hilo. Mwaka 2007 ilidhihirika kwamba kampuni ya Comcast ya Marekani ilikuwa ikikatiza mawasiliano ya BitTorrent kwa kupenyeza ujumbe wa bandia wa kuyavunja. Haikutegemea namba, bali ilitambua mzigo wenyewe. Na bawabu apekuaye mizigo hadanganywi kwa kubadilishiwa mlango. Mwaka 2008 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliamuru mwenendo huo ukome; mwaka 2010 mahakama ya rufani ikaitengua amri hiyo.

Kwa hiyo "kufunga mlango" na "kukatiza mawasiliano" ni mambo mawili, wala hayafai kuchanganywa chini ya neno "kuzuia". Asiyeweza kutaja alichotendewa hawezi kukidai haki yake.

Huenda ikasemwa kwamba "mlango" una kazi nyingi tayari, kama katika mlango wa bahari au mlango wa kitabu. Hilo si kizuizi, kwani muktadha huondoa utata. Tunapendekeza basi "mlango" na "namba ya mlango" zisanifiwe, na "bandari" iachiwe mabaharia.