Bendi ya Mtaani Imepata Kitabu, Yetu Je?

Jamani, kuna riwaya moja ambayo kila mwenye kalamu, kuanzia Tandika hadi Mwananyamala, angeitafuta. Inaitwa The Commitments, mwandishi wake ni Roddy Doyle wa Ireland. Ilitoka 1987, na mwaka 1991 Alan Parker akaitoa kwenye filamu. Wengi waliiona filamu wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Mimi nazungumzia kitabu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Vijana wa Barrytown, kitongoji cha kubuni cha walalahoi kaskazini mwa Dublin, wanaunda bendi. Meneja wao, Jimmy Rabbitte, hapigi hata manyanga, lakini ana mdomo na ana sahani za santuri. Anawaambia waachane na vinanda vya umeme vilivyokuwa kwenye fasheni, wapige nyimbo za kina James Brown na Otis Redding, maana ndizo zinazosema habari za watu kama wao. Wanafanya mazoezi, wanapata maonyesho, watu wanajaa. Kisha Deco, mwimbaji, anavimba kichwa. Mpiga dramu anajitoa asije akamtwanga. Kampuni ya kurekodi inapobisha hodi, bendi ndiyo hiyo inasambaratika.

Utamu wake uko kwenye maongezi. Karibu kitabu kizima watu wanaongea tu: huyu anasema, mwenzie anamkatiza, wa tatu anatukana, na wewe msomaji unawatambua kwa sauti zao. Doyle hakuwaosha midomo. Mcheki Joey, mzee wa tarumbeta anayedai amepiga na vigogo wote wa Marekani. Mwishoni anaaga eti anakwenda kujiunga na Joe Tex, kumbe Joe Tex alishafariki tangu 1982! Kila kijiwe cha Temeke kina Joey wake.

Hapo ndipo kitabu kiliponigusa. Hadithi yangu moja ilirudishwa na mhariri mmoja, kaandika pembeni kwamba wahusika wanaongea kihuni. Wahusika wenyewe ni makonda wa daladala za Mbagala! Alitaka waongee kama wasoma taarifa ya habari. Doyle angemwacha konda aongee kikonda, na msomaji wa mbali angemwelewa, kama mimi nilivyowaelewa hao wa Dublin.

Sisemi riwaya haina dosari. Wasichana watatu waitikiaji, Imelda, Natalie na Bernie, tunawaona zaidi kwa macho ya wavulana. Wanachokitaka wao wenyewe kinapita mbio mbio. Halafu vyombo vinapatikana kirahisi mno. Kwetu swali la kwanza ni: gitaa la nani? NUTA Jazz ilianza 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Mwanamuziki akihama, anahama na sauti yake na vidole vyake, gitaa linabaki. Mlimani Park ilipoanza 1978, ilijaa watu waliotoka Dar International na JUWATA, ile ile iliyokuwa NUTA. Hebu fikiria nyumba ya mtu usiku ule anapoamua kuhama: mke anasemaje, rafiki aliyebaki anasemaje? Hiyo ni riwaya nzima, na mimi bado naisubiri. Au Sunburst, vijana wa Dar walioingiza roki kwenye midundo ya kwetu, wakatoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Santuri ipo. Lakini mazoezi yao, utani wao na ugomvi wao nani atauweka kwenye kurasa?

Msiniambie hakuna wachapishaji. Doyle alikuwa mwalimu wa shule, na kitabu hiki alikitoa kwanza mwenyewe. Wachapishaji wakubwa wa London walikuja baadaye. Nchi yake ni tajiri kuliko yetu, sawa, lakini masikio aliyotumia hayauzwi dukani.

Basi wewe wa Kinondoni mwenye daftari chini ya godoro, nenda kwenye mazoezi ya bendi iliyo jirani nawe. Sikiliza wanavyogombea maiki, wanavyodaiana nauli, wanavyomsema aliyehama. Andika walivyosema. Mhariri akikurudishia kwa sababu ya kihuni, mpelekee mwingine.