Ramani ya Dhana na Neno la Mstarini

Kitabu cha Joseph Novak na Bob Gowin wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kiitwacho Learning How to Learn, kilitolewa mwaka 1984 na bado chastahili kuhakikiwa. Kiini chake, yaani ramani ya dhana, chaweza kumfaa sana mwanafunzi wa theolojia. Chaweza pia kumpotosha asipokipima.

Mwaka 1972 Novak na wenzake walikuwa wakiwahoji watoto juu ya masomo ya sayansi. Walipata kurasa nyingi za mahojiano, lakini haikuwa rahisi kuona humo jinsi ufahamu wa mtoto ulivyobadilika. Ndipo wakaanza kuchora. Dhana huandikwa katika viduara, iliyo pana juu na zilizo finyu chini yake. Mistari huviunganisha, na juu ya kila mstari huandikwa neno la uhusiano, hata viduara viwili visomeke kama sentensi. Msingi huo waliupata kwa mwanasaikolojia David Ausubel, aliyefundisha kwamba jambo jipya hukaa akilini linapofungamana na lile linalojulikana tayari.

Kwa maoni yetu, nguvu yote imo katika neno lile la mstarini. Mwanafunzi na aandike “imani” katika kiduara kimoja na “matendo mema” katika kingine, kisha avute mstari mtupu: hajasema lolote. (Wanaosahihisha mitihani wanaijua mistari mitupu, hata ile iliyoandikwa kwa aya ndefu.) Akiandika “huzaa”, amefuata Ibara ya 6 ya Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Akiandika “hukamilishwa na”, anayo Yakobo 2:22 upande wake, na sasa imempasa aeleze jinsi neno hilo linavyosimama mbele ya Warumi 3:28.

Hata hivyo, waandishi hawa wanataka dhana pana ikae juu, na hapo tunatofautiana nao. Kwa somo la mimea na wanyama, sawa. Lakini Sheria na Injili je? Tukiandika “Neno la Mungu” juu na hizo mbili ziwe matawi yake, zitaonekana kama ndugu wawili walioketi kwa utulivu, ilhali mhubiri anajua kwamba humjia mtu yule yule, ya kwanza ikimhukumu na ya pili ikimfungua. Mchoro wa ngazi hauonyeshi utangulizi huo. Melanchthon naye, katika Loci Communes ya mwaka 1521, aliyapanga mafundisho kwa vichwa. Lakini vichwa hivyo alivitoa katika Waraka kwa Warumi, na msomaji hupitishwa katika dhambi na sheria kabla ya kufika kwenye injili na neema.

Siku hizi ipo programu ya kompyuta ya kuchorea ramani hizi, CmapTools, ingawa ubao na chaki vyatosha. Lililo zito zaidi ni kwamba mwalimu asiichore ramani nzima ili wanafunzi wainakili, maana huko ni kukariri tena. Atoe dhana peke yake, kumi hivi kutoka Warumi sura ya 3, na maneno ya mistarini kila mmoja ayatafute mwenyewe akiwa na Biblia wazi mbele yake.